Tulipanda Miti Kabla ya Kupima Maji

Mji unaokunywa maji ya chemchemi na vijito vya mlimani una miezi miwili ya kuogopa, Oktoba na Novemba. Mvua za mwisho ziliondoka Mei, mpya hazijashika, na chanzo kinatoa kile tu kilichohifadhiwa ardhini. Yanayofuata ni mambo yaliyopatikana kwa gharama katika mamlaka ya maji ya mji mmoja wa Nyanda za Juu Kusini, katika jitihada za kulinda chanzo, kuzuia maji yasipotelee njiani na kupunguza umeme na dawa. Yanaandikwa kwa ajili ya wenzetu wa mamlaka nyingine, na wa vyombo vya maji vijijini, wanaoanza sasa kazi hiyo hiyo. Makosa yametajwa yalivyokuwa, kwa sababu yalilipiwa kwa fedha za wateja.

Kosa kubwa kuliko yote lilikuwa la mpangilio. Tulianza na miti. Miche ilipakiwa kwenye lori, viongozi wakaja, wanafunzi wakaja, mteremko ukapandwa kwa siku moja. Nia ilikuwa safi kabisa. Lakini siku ile hakukuwa na kipimo chochote kwenye chanzo, mpaka haukuwa umewekwa, wakulima wa vinyungu, yaani bustani za kiangazi kwenye udongo wenye maji bondeni, hawakuwa wameulizwa, na milingoti (mikaratusi) iliyozunguka macho ya maji ilikuwa bado imesimama. Oktoba iliyofuata zaidi ya nusu ya miche ilikuwa imekufa, na hakuna aliyeweza kusema kama maji yameongezeka au yamepungua. Tungeanza upya tungefuata mpangilio huu: kupima, kuweka mpaka, kuelewana na majirani, kuondoa kinachokausha bonde, ndipo kupanda. Na muda wote huo mjini mafundi wawe wanaziba mivujo, maana huko ndiko maji yanakopatikana haraka.

Jambo moja la awali kabisa ni kujua uko kwenye bonde lipi. Huku kwetu mlima mmoja hunywesha watu wasiofahamiana. Mvua inayoanguka upande mmoja wa safu za Uporoto hushuka na Kiwira hadi Ziwa Nyasa. Ya upande wa pili huingia Usangu, ikawa Ruaha Mkuu, ikapita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha na kuzungusha mitambo ya Mtera na Kidatu. Ruaha huo tangu 1993 umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya hifadhi. Bodi ya Maji Bonde la Rufiji iko Iringa, ya Ziwa Rukwa iko Mbeya, ya Ziwa Nyasa iko Tukuyu, na kibali cha kutumia maji hutoka huko kikiwa na kiwango maalumu. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inatanguliza mahitaji ya binadamu, kisha maji ya kuutunza mto wenyewe, ndipo matumizi mengine. Mamlaka inayokausha kijito chini ya banio lake haina uso wa kumwambia mkulima aache kinyungu.

Kupima

Kipimo cha bei ndogo ni ndoo. Kama maji yote ya chemchemi yanaweza kutokea kwenye bomba moja, kinga kwa ndoo ya lita 20, hesabu muda kwa simu, rudia mara 5 na utafute wastani. Ikijaa kwa sekunde 5, chanzo kinatoa lita 4 kwa sekunde. Ikijaa chini ya sekunde 4, kosa la kidole kwenye simu linakuwa kubwa mno. Tafuta pipa la lita 200.

Kwa kijito unahitaji bamba la chuma lenye mkato wa V wa nyuzi 90, lililosimikwa wima kukata mto. Hesabu yake: chukua kina cha maji juu ya ncha ya V kwa mita, kipandishe kwa kipeo cha 2.5, zidisha kwa 1.38, na jibu ni mita za ujazo kwa sekunde. Kina cha sentimita 10 ni lita 4.4 kwa sekunde. Sentimita 15 ni lita 12. Sentimita 20 ni karibu lita 25. Ona jinsi namba zinavyoruka. Kwenye kina cha sentimita 10, ukikosea kusoma kwa sentimita moja tu, umekosea kama robo ya maji yote.

Rula yetu ya kwanza ilifungwa kwenye bamba lenyewe. Maji yanapoukaribia mkato huinama, kwa hiyo kina kilisomeka pungufu kwa mwaka mzima na takwimu zote zikatupwa. Rula hukaa nyuma, upande maji yanakotoka, kwa umbali usiopungua mara nne ya kina kikubwa kinachotarajiwa. Kama kina cha juu ni sentimita 25, iweke mita 1 nyuma ya bamba au zaidi. Sifuri ya rula iwe sawasawa na ncha ya V, ikipimwa kwa timazi ya maji, wala isiwe sawa na sakafu ya mto. Maji lazima yaanguke huru, hewa ikipita nyuma ya pazia la maji. Yakishikamana na bamba, usomaji ni wa uongo. Mengine yanayoharibu ni majani kwenye mkato, mchanga uliojaa nyuma ya bamba, na maji yanayopenya chini yake kwa sababu msingi haukuingia kwenye udongo mgumu. Kabla ya kusoma, safisha, subiri robo saa, ndipo usome.

Soma kila wiki, siku ile ile, asubuhi. Weka na kipimamvua mahali pa wazi karibu na hapo, maana Oktoba ya mwaka wa mvua nyingi haifanani na Oktoba ya mwaka wa ukame hata kama mlima haujaguswa. Bila misimu miwili au mitatu ya namba za mvua na za maji pamoja, usiseme mbele ya watu kwamba miti yako imeongeza maji.

Mita 60 na majirani

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za binadamu, au zinazoweza kuharibu hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Tulikwenda na utepe tukaulaza juu ya mteremko. Mpimaji alipokuja baadaye na vifaa vyake ikaonekana mpaka una kasoro, kwa sababu ramani hupima umbali wa mlalo. Kwenye mteremko wa nyuzi 30, mita 60 za utepe uliolala chini ni mita 52 tu kwenye ramani. Ili upate 60 kamili unahitaji utepe wa mita 69. Vigingi vikang'olewa na kusogezwa, na watu waliokuwa wamekubali mpaka wa kwanza wakaona wamedanganywa. Ile imani ilichukua muda mrefu kurudi. Pima mara moja, na mpimaji, mkiwa pamoja na mwenyekiti wa kitongoji na wenye mashamba. Pimeni kutoka ukingoni, si katikati ya mto. Vigingi viwe vya zege, theluthi moja ardhini, na kila kimoja kionekane ukisimama kwenye kilichotangulia.

Barua ya kuwataka wakulima waondoke bondeni ilitoka Agosti. Kwa mtu wa ofisini Agosti ni mwezi kama mwingine. Kwa mwenye kinyungu ndio wakati mahindi, maharage na viazi viko shambani, na mahindi mabichi hayo ndiyo ada ya shule ya Januari. Hasira ilikuwa kubwa na ilikuwa ya haki. Usiku miche ikang'olewa, uzio ukakatwa. Mazungumzo yalipoanza upya yalianza kwa ofisi ya kijiji, kwa salamu ya kamwene na kikao kirefu, na kwa kukubali kwamba barua ilikosea msimu. Makubaliano yaliyodumu yalikuwa ya kuvuna kwanza, kisha kutolima tena, na kupewa muda wa msimu mzima wa kujipanga.

Wazee ndio waliotuonyesha kwamba chemchemi ile ina macho matatu. Uzio wetu ulikuwa umezunguka moja. Mengine mawili yalikuwa ndani ya kinyungu, yakitiririshwa na mfereji ili udongo ukauke upandike. Hilo ndilo tatizo halisi la kinyungu kwenye chanzo: mahindi yenyewe hunywa kiasi, lakini mfereji hushusha maji ya ardhini na kulimaliza bonde mapema kabla ya Oktoba.

Mifereji huzibwa kuanzia juu kuelekea chini, kwa vizuizi vingi vifupi badala ya kimoja kirefu. Nafasi kati ya kizuizi na kizuizi ipangwe ili maji yaliyosimama nyuma ya cha chini yaufikie mguu wa cha juu. Tumia viroba vilivyojazwa udongo wa mfinyanzi, viingizwe kwenye kuta za mfereji kama nusu mita kila upande, na katikati pawe chini kidogo kuliko kingo ili maji ya ziada yapite katikati juu ya mawe. Vizuizi vyetu vya kwanza vilikuwa bapa kabisa. Mvua ya kwanza ikakata pembeni na kufungua mifereji mipya mikubwa kuliko ya zamani. Viroba vya sandarusi huoza kwa jua, kwa hiyo funika kwa vipande vya nyasi zenye mizizi mara tu unapomaliza.

Kwa walioacha kulima, mizinga ya nyuki ndani ya eneo na miparachichi nje ya mpaka vilipokelewa vizuri. Lakini angalia parachichi: mche mchanga huhitaji kumwagiliwa kiangazi, na mwenye shamba atautazama mto ule ule. Zungumzeni mapema maji hayo yatatoka wapi, na dawa za kupulizia zitachanganywa wapi.

Milingoti

Mlingoti unakua haraka, una mizizi mirefu na majani yake hayapukutiki kiangazi, kwa hiyo unaendelea kunywa wakati mito imepungua. Karibu na jicho la maji hauna nafasi. Hata hivyo ni mali ya mtu, pengine ni nguzo za kuuza alizozingoja miaka kumi. Njia iliyoleta amani ni kumwachia mwenyewe avune na auze, kwa maandishi yenye tarehe ya mwisho, na kwa ahadi kwamba machipukizi hayatakuwa yake tena. Inapobidi kulipa fidia, iende kupitia mthamini wa Serikali. Bei za kukubaliana vibarazani huzaa kesi.

Usikate mteremko mzima kwa msimu mmoja. Tulikata wote Septemba ili kumaliza kazi, na mvua za Desemba zikakuta udongo uchi. Kata kwa vipande, anza na vilivyo karibu na macho ya maji, kazi ikamilike Juni na Julai, na matawi yalazwe kukingama mteremko yashike udongo. Visiki vising'olewe, mizizi yake bado inashikilia mlima. Lakini kisiki cha mlingoti huchipua, na baada ya mwaka kisiki kimoja kinakuwa na mashina manne. Kimenye gamba lote tangu pale kilipokatwa hadi chini ya usawa wa udongo, siku ile ile kabla halijakauka, kisha rudi kila baada ya wiki sita hadi nane kung'oa machipukizi. Ni kazi ya mwaka mzima na zaidi, na iwekwe kwenye bajeti kwa jina lake. Oili chafu juu ya kisiki, kama wengine wanavyofanya, ni marufuku kwenye chanzo, na hata msumeno wa moto ujazwe mafuta nje ya mpaka.

Miti ya kurudishia iwe ile bonde linayoifahamu. Kwenye tope na kando ya maji tulitumia mivengi. Juu kidogo miiza na mikuyu. Kwenye kingo zinazobomoka, mianzi. Sehemu yenye sakitu ya Juni na Julai, kama nyanda za Njombe na Makete, usipeleke mche laini ambao haujazoeshwa jua na baridi kitaluni. Wiki nne za mwisho upunguziwe maji na kuondolewa kivuli.

Panda baada ya mvua kushika, udongo ukiwa umelowa hadi kina cha mkono, kwa kawaida Desemba hadi katikati ya Januari. Sisi tulipanda Machi kwa sababu ndipo fedha zilipofika, na miche ikabaki na wiki chache tu za mvua kabla ya kiangazi. Shimo la sentimita 45 kwa 45. Udongo wa juu utengwe na urudi kwanza. Kiriba kitolewe chote. Miche mingi iliyokufa ilipofukuliwa ilikuwa bado ndani ya plastiki, au mizizi imejizungusha kama kamba kwa kukaa kitaluni kupita kiasi. Nafasi ya mita 3 kwa 3 inatoa miche 1,111 kwa hekta, ya mita 4 kwa 4 inatoa 625. Panda michache unayoweza kuipalilia: kisahani cha mita 1 kuzunguka kila mche, mara mbili kwa mwaka, kwa miaka mitatu. Palizi na ulinzi viligharimu kuliko miche yenyewe. Barabara ya moto ya mita 6 ifyekwe kabla ya Julai kwisha, kwa kuwa Agosti hadi Oktoba ndio moto wa kusafisha mashamba unapotembea.

Tope lililofika kwenye mtambo

Ule mteremko tuliouacha uchi ulitufundisha uhusiano wa mlima na bili ya dawa. Maji ya mvua za kwanza yalifika mtamboni mekundu. Fundi akaongeza shabu, dawa ya kushikanisha tope, ikashindwa, akaongeza tena, na tope likazidi kukataa kushikana. Sababu ni hii: maji ya milima yetu ni laini, hayana chumvichumvi nyingi za kuhimili asidi. Kila miligramu 1 ya shabu hula karibu nusu miligramu ya uwezo huo wa maji. Ukiisha, pH (kipimo cha uasidi) inaporomoka na madonge hayajengeki hata umwage gunia zima. Dawa iliyohitajika ilikuwa chokaa kidogo au magadi soda kabla ya shabu. Jibu hili hupatikana kwa chini ya saa moja: majagi sita ya lita 1, kila moja na kiwango chake, koroga haraka dakika 1, polepole dakika 15, acha yatulie nusu saa, chagua lililo safi kwa dawa kidogo zaidi. Kipimo hicho kifanyike kila maji yanapobadilika rangi, hata usiku.

Maji ya kuoshea vichujio nayo yalikuwa yakimwagwa mtoni na tope lake. Kwa kawaida ni asilimia 2 hadi 5 ya maji yote yanayozalishwa, na kwenye msimu wa tope hupanda. Yakitulizwa kwenye bwawa dogo, maji ya juu yanaweza kurudi mwanzo wa mtambo, ila polepole na yasizidi asilimia 10 ya maji yanayoingia, maana yamebeba vijidudu vilivyokusanywa na vichujio. Yasirudi kamwe moja kwa moja kwenye tangi la maji safi. Tope lenyewe likaushwe kwenye vitanda vya mchanga.

Usiku saa 8

Mche unaopandwa leo unahitaji miaka kabla chanzo hakijauona. Mvujo unaozibwa leo unarudisha maji kabla ya asubuhi. Tundu la milimita 5 kwenye presha ya bar 4 hutoa kama lita 28,000 kwa siku, yaani uniti 28. Kwa kaya ya watu watano wanaotumia lita 60 kila mmoja, hayo ni maji ya kaya zaidi ya 90, kupitia tundu linalozibwa na ncha ya penseli.

Gawa mji kwa kanda za maungio ya wateja 500 hadi 1,500, kila kanda iwe na njia moja ya kuingizia maji na mita kuu hapo. Kisha hakikisha kweli ni njia moja. Usiku wa saa 7 funga valvu ya kuingilia na utazame geji ya presha kwenye bomba la mteja aliye chini kabisa. Ikishuka hadi sifuri, kanda imefungika. Ikibaki na presha, kuna bomba jingine linaloingiza, na mara nyingi valvu yake imefukiwa chini ya kifusi cha barabara. Mafundi wastaafu wanajua zilipo. Walipwe siku zao waje waonyeshe, na kila valvu ichorwe kwenye ramani kabla hawajaondoka.

Soma mita kuu kila robo saa kuanzia saa 8 hadi saa 10 usiku, wakati watu wamelala. Kinachopita hapo, ukitoa matumizi ya hospitali, mabweni na viwanda vilivyosomwa saa hiyo hiyo, kwa sehemu kubwa ni mvujo. Tahadhari kwa miji yenye mgawo: usiku ndipo matangi ya majumbani yanapojaa, na utadhani bomba limepasuka. Tuliwahi kuchimba barabara kwa kosa hilo. Peleka maji kwenye kanda mfululizo siku tatu, ndipo upime. Baadaye funga valvu za mitaa moja baada ya nyingine. Ule mtaa unaposhusha mita ghafla ndio wa kwenda kusikiliza.

Kifaa cha kusikiliza kinaweza kuwa nondo ya mita 1.5, ncha moja juu ya valvu, nyingine kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Mvujo hulia kama kitu kinachokaangwa mbali. Na mchana wa Septemba, nyasi mbichi kando ya barabara kavu ni ushahidi tosha.

Kwenye miji ya miteremko, presha ndiyo inayozaa mivujo. Kila mita 10 za kushuka ni bar 1, kwa hiyo mtaa ulio mita 120 chini ya tangi unapata bar 12 usiku, juu ya bomba lililotengenezwa kuhimili bar 10. Tangi la kukatia presha au valvu ya kupunguza presha huokoa mabomba yote yaliyo chini yake. Valvu hiyo iwe na chujio mbele yake na geji pande zote mbili. Zetu za kwanza hazikuwa na chujio, mchanga ukazikwamisha zikiwa wazi, na hakuna aliyegundua kwa kuwa geji hazikuwepo. Matangi ya kukatia presha yakaguliwe usiku. Moja lilikuwa na koki ya boya iliyovunjika na kumwaga maji kwenye korongo kila usiku. Mchana, watu wakitumia maji, lilionekana zima.

Kisha ukarabati wenyewe. Mpira wa tairi uliofungwa kwenye ufa ni wa kupitisha usiku mmoja. Stoo iwe na klampu za kila kipenyo kilichopo ardhini, kwa sababu fundi asiye na klampu atafunga mpira na kufukia. Bomba lilazwe juu ya mchanga wa sentimita 10, lifunikwe kwa mchanga kabla ya udongo wenye mawe, na presha irudishwe shimo likiwa bado wazi. Bomba la poli lisiunganishwe kwa joto ndani ya tope: miisho ikwanguliwe, ikauke, ndipo ichomwe. Andika kila mpasuko: aina ya bomba, kipenyo, kina, sababu. Baada ya mwaka daftari hilo litakuonyesha bomba gani linastahili kubadilishwa lote.

Umeme unafuata hapo hapo. Kupandisha uniti moja ya maji kwa mita 100 kwa pampu na mota zenye ufanisi wa asilimia 60 hula karibu uniti 0.45 za umeme. Kwa hiyo lile tundu la milimita 5, likiwa baada ya pampu ya namna hiyo, linakula zaidi ya uniti 12 za umeme kila siku. Tulikuwa tumeanza kuzungumzia paneli za jua kabla ya kuziba mivujo. Tungenunua paneli za kusukumia maji yanayomwagika.

Fedha ndizo zilizotuchelewesha zaidi. Ni rahisi kupata wa kulipia miche, na vigumu kupata wa kulipia palizi ya mwaka wa tatu, mlinzi, chokaa ya dharura na klampu. Hayo yaingizwe kwenye mpango wa biashara unaopelekwa EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, wakati wa kuomba bei, yakiwa na mstari wake wenyewe, ili yasikatwe mwaka unapobana.

Lingine ni uhamisho. Aliyeanzisha usomaji wa bamba la V alihamishwa, daftari likabaki kwenye kabati, wiki kumi na moja zikapita bila namba hata moja. Sasa usomaji unaandikwa mara mbili: kwenye daftari la mamlaka, na kwa chaki kwenye ubao ukutani kwa ofisi ya kijiji kilicho juu ya chanzo, kina cha wiki hii kando ya kina cha wiki kama hii mwaka jana. Wiki ambayo msomaji hajafika, mwenyekiti wa kitongoji hupiga simu kuuliza.